UZI: Tunapiga kelele za adhabu kali huku kesi zinafia njiani, tafiti za jinai zinasemaje?

Msaidizi_Pemba (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wana jamvi.

Kila ikitoka khabari ya mtoto kadhalilishwa, yaani kabakwa au kafanyiwa uchafu wa namna hiyo, iwe Unguja iwe Pemba, ukifungua simu maneno ni yale yale: wahasiwe, wanyongwe, wafungwe maisha, sheria zetu laini. Machungu hayo nayajua na mie ninayo, nafanya kazi ya usaidizi wa sheria huku Pemba na kesi za aina hii ndo zinazonijia kuliko zote. Lakini nataka tulizungumze kwa utulivu, manaake kuna watu wamekaa kulichunguza suala la adhabu na uhalifu kwa zaidi ya miaka 200 sasa na walichokiona sicho tunachokipigia kelele.

Kwanza sheria zetu si laini. Sheria ya Adhabu tunayoitumia Zanzibar ni Namba 6 ya 2018, ilokuja badala ya ile ya 2004, na pamoja nayo ikatoka Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya 2018. Mtu akitiwa hatiani kwa kumbaka mtoto anaweza kufungwa maisha. Mwaka 2021 zikaanzishwa mahkama maalum za udhalilishaji Unguja na Pemba. Kwa hiyo kwenye karatasi ukali upo, tena upo wa kutosha.

Alolieleza hili mapema ni Mtaliana wa Milano, Cesare Beccaria, mwaka 1764, hata miaka 30 hajafika. Wakati ule Ulaya watu walikuwa wanateswa ili wakiri na wanauliwa hadharani mbele ya umati. Yeye akasema kinachomzuia mtu na kosa si ukubwa wa adhabu, ni yakini kwamba itamfika tu, na imfike mapema, ili kosa na adhabu visiachane kichwani mwake. Wakaja watafiti wa takwimu wa zama zetu, Daniel Nagin wa Marekani mmoja wao, ambae 2013 alizipitia tafiti zilizokwisha kufanywa, na wao wakafika pale pale: ukichukua kifungo ambacho tayari ni kirefu ukakiongezea miaka, hofu inayozidi ni ndogo sana, hofu inakuja pale mtu anapojua atashikwa. Hata kwenye kunyonga, 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilizipitia tafiti za zaidi ya miaka 30 likasema haziwezi kutegemewa kuthibitisha kwamba hukumu ya kifo inapunguza mauaji, wala kwamba haipunguzi.

Sasa tuje kwetu. Anaefanya uchafu huu hakai akalinganisha miaka 20 na 30. Anaangalia je huyu mtoto atasema, na akisema nyumba italifunika au halitafunikwa? Na mara nyingi jawabu analijua kabla, kwa sababu ya muhali, ile haya ya kumkatalia au kumshtaki mtu wako. Mtuhumiwa ni ami yake mtoto, au ni mwalimu wa chuo cha Qur-ani, au ni jirani alowahi kuuza kitu chake ili mama wa mtoto apelekwe hospitali. Wanaitwa wazee, kinakaliwa kikao ndani, pesa zinatolewa, mtoto anapelekwa kwa bibi yake shamba na kesi imekwisha kabla sheha, kiongozi wa mtaa, hajajua.

Na zile zinazofika mahkamani? Ntawapa picha moja, nimebadilisha mambo ili asitambulike mtu. Mama na mtoto wake wanatoka kijijini alfajiri kuwahi gari ya kwanza, mtoto kavaa sare kwa sababu kaambiwa akimaliza atarudi skuli. Wanakaa kwenye benchi la nje. Benchi ni hilo hilo moja, na upande wa pili wamekaa jamaa wa mshtakiwa, shangazi yake mtoto akiwemo. Shangazi anasalimia, anauliza khabari za nyumbani, anatoa andazi kwenye mfuko anampa mtoto, na mtoto anamtazama mamaake kwanza aone kama apokee. Hakuna alomtisha mtu. Saa 5 anatoka karani, daktari hakuweza kuja, kesi imeahirishwa. Tarehe nyengine wanakuja tena, mpelelezi kahamishwa, imeahirishwa. Tarehe ya baadae mama haonekani, na sie tukimfata nyumbani anasema mie nshasamehe, niachieni. Kwenye jalada inaandikwa shahidi hakutokea.

Hapo niambieni ni kifungu gani cha sheria kilichokuwa laini. Yule mama kaangushwa na nauli, na benchi, na miezi, na macho ya mawifi zake. Ukiandika kifungo cha miaka 100 kwenye ile sheria benchi litabaki pale pale.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: nguvu tunazozitia kwenye kudai adhabu kali tuzihamishie kwenye kudai kesi zifike mwisho. Mashahidi wapewe nauli siku hiyo hiyo. Kuwe na chumba cha kusubiria mbali na jamaa wa mshtakiwa. Kesi ikianza isikilizwe mfululizo, daktari na mpelelezi wajue tarehe mapema na wasiokuja waulizwe. Karibuni tujadili.

Kijana_Kikwajuni

Kaka umeandika vizuri lakini mie nna wadogo zangu wa kike na ntasema n'nachokihisi. Hata kama kumfunga yule maisha hakumtishi mwengine, si angalau yeye mwenyewe anaondoka mtaani? Akiwa ndani Chuo cha Mafunzo, yaani jela, hawezi kumgusa mtoto wa mtu. Hilo nalo tafiti zinalikataa? Manaake wakati mwengine nyie wasomi mnalizungusha jambo mpaka mtu mbaya anaonekana kama mgonjwa tu.

Msaidizi_Pemba

Hapana ndugu yangu, hilo halikataliwi. Mtu akiwa ndani kweli hawezi kudhuru walio nje na kwa makosa haya sioni tatizo akikaa muda mrefu. Lakini ili umuweke ndani unahitaji kwanza atiwe hatiani, na ili atiwe hatiani unahitaji yule mama asikate tamaa. Na kuna jambo jengine, adhabu ikiwa kubwa mno na mtuhumiwa ni wa ndani ya familia, familia inaogopa zaidi kusema. Nimewasikia wanawake wakiniambia kwa mdomo wao, "nikimpeleka atafungwa maisha, nani atalisha watoto wake sita?" Ukali nao unaweza kuufunga mdomo wa shahidi, na hili wanaopiga kelele mitandaoni hawalioni kwa sababu wao hawalali nyumba ile.

Maalim_Mstaafu

Wanangu, nimewasoma. Mie nimekaa kwenye vikao vya usuluhishi hapa mtaani kwetu muda mrefu na nisingependa sulhu ipakwe tope namna hii. Allah anasema sulhu ni kheri. Vijana wawili wamepigana, mtu kaiba mbuzi wa jirani, mke na mume wamegombana, haya ukiyapeleka yote polisi unaua ujirani na unawajaza vijana Chuo cha Mafunzo ambako wanatoka wabaya kuliko walivyoingia. Nasikia hata Wazungu siku hizi wanarudi kwenye mambo haya haya ya kukalisha watu chini. Sasa mbona unatuonesha kama sie wazee wa vikao ndo tunaoficha uovu?

Msaidizi_Pemba

Shikamoo maalim, na nakushukuru kwa kuingia. Siipingi sulhu yote, na hapa inabidi niandike kirefu kidogo kwa sababu swali lako ndo kiini cha jambo.

Ni kweli kuna nchi zimerudi huko. New Zealand walipitisha sheria 1989 ya watoto na vijana wanaokosa, wakachukua desturi za Wamaori za familia kukaa kitako pamoja, na mpaka leo kijana akifanya kosa zito kidogo kinaitishwa kikao cha familia yake, alodhulumiwa nae anaalikwa na watu wake, polisi yupo, na kesi ikiwa imeshafika mahkama ya vijana wanachokubaliana kinarudi huko kikatazamwe. John Braithwaite, mtaalamu wa jinai wa Australia, mwaka huo huo 1989 akaeleza kwa nini kinaweza kufaa: mtu akiaibishwa mbele ya wanaompenda halafu akapokewa tena, anaweza kurudi njia, lakini akiaibishwa na kutupwa anaenda kuungana na waliotupwa wenziwe. Na haya maalim mmekuwa mkiyafanya kabla hawajayaandika.

Lakini tazama tofauti. Kikao kile mkosaji lazima kwanza akubali kosa lake, au lithibitike mahkamani. Alodhulumiwa anakuja kwa hiari na ana watu wake wa kumsemea. Kuna mkono wa serikali unaotazama kilichoamuliwa. Na mauaji hayaingii humo. Sasa kikao chetu cha kesi ya udhalilishaji, mtoto hayupo, mamaake pengine kawekwa chumba cha pili, wanaoamua ni wanaume wa pande mbili, na kinachotafutwa ni jina la familia lisichafuke. Hiyo maalim mie siwezi kuiita sulhu, alodhulumiwa hajaulizwa.

Na kwenye ugomvi wa mke na mume kuna utafiti ambao kila mtu alie kwenye mabaraza yetu angeujua ingekuwa vizuri. Minneapolis, Marekani, mwaka 1981 hadi 1982, watafiti Lawrence Sherman na Richard Berk walikubaliana na polisi wafanye jaribio la kweli. Polisi akiitwa nyumba ambayo mume kampiga mke na si kipigo cha kuhatarisha maisha, hachagui mwenyewe la kufanya, anatazama rangi ya fomu ilofuata kwenye kitabu chake, rangi moja amkamate, nyengine amtoe nyumbani kwa saa 8, nyengine awasuluhishe na kuwapa nasaha. Zikapatikana kesi 314, na wakafatilia miezi 6. Kwa mujibu wa rekodi za polisi, walokamatwa walorudia ni asilimia 10, walosuluhishwa asilimia 19, walotolewa nyumbani asilimia 24. Matokeo yakatangazwa 1984 na majimbo mengi yakaenda mbio kutunga sheria za kukamata kwa lazima.

Lakini haikuishia hapo, na hapa ndo ninapowapendea watafiti, jaribio likarudiwa miji mengine mitano. Majibu yakaja mchanganyiko. Milwaukee kwa mfano, wanaume wenye kazi wakikamatwa walitulia, wasio na kazi wakikamatwa walizidi kupiga. Maana yake mwenye cha kupoteza anaogopa polisi na watu watasemaje, asie na cha kupoteza anarudi nyumbani na hasira zake zote. Kwa hiyo hata "mkamate tu" sio jawabu kwa kila nyumba, inabidi ujue unamkamata nani na yule mke anabaki na ulinzi gani akitoka. Sie tuna vijana wangapi hawana kazi? Hili lingefaa kuchunguzwa hapa hapa kwetu na wanafunzi wa sheria wa vyuo vya Tunguu badala ya kila mwaka kuandika tasnifu za kunakili vifungu.

Maalim_Mstaafu

Hapo kwenye mtoto kutokuulizwa umenipata. La mbuzi bado nashikilia.

Msaidizi_Pemba

La mbuzi tuko pamoja maalim.

Bi_Mkunazini

Nimefanya kazi za mahkama enzi Mahkama Kuu ya Zanzibar ikiwa Vuga na sasa nimestaafu. Nasoma mnavyotaka kesi ziende haraka na jambo hilo linanitia wasiwasi. Kuanzia 1970 hapa tulikuwa na Mahkama za Wananchi, hakuna wakili anaeruhusiwa kusimama, mshtakiwa anajitetea mwenyewe, na mambo yalikwenda haraka kweli. Watu walohukumiwa kwa kuuliwa Mzee Karume, aliyeuliwa tarehe 7 April 1972, kesi yao ilisikilizwa bila ya wakili wa utetezi. Ilibidi ije sheria ya mahkama ya 1985 ndo mawakili wakarudi. Na upande wa pili wa kuchelewa nao tumeuona, ile kesi ya uhaini ya watu 18 wa chama cha upinzani cha CUF, walikaa rumande miaka bila ya dhamana, na mwaka 2000 Mahkama ya Rufani ikaja kusema uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar kwa sababu si dola kamili. Ile miaka ya rumande nani aliwarudishia? Kwa hiyo wanangu mnaposhangilia watu kunyimwa dhamana kumbukeni anaenyimwa bado hajahukumiwa.

Ng'ambo_Yetu

Bi Mkubwa hapo hapo. Na mie niongeze la kukiri polisi, manaake watu wetu wakisikia "kakiri" basi wameshamaliza. Kesi ya mwanzo duniani kutumia DNA, yaani vinasaba vinavyomtambulisha mtu, kwenye mauaji inatosha kumfundisha mtu. Uingereza, mkoa wa Leicestershire, wasichana wawili wa miaka 15 walibakwa na kuuliwa, mmoja 1983 mwengine 1986, vijiji jirani. Polisi wakamshika kijana wa miaka 17, akahojiwa, akakiri mauaji ya pili. Polisi wao walikuwa na hakika na la mwanzo pia ni yeye, wakampelekea sampuli Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, alogundua njia ya kumtambua mtu kwa DNA 1984, ili awathibitishie. Jawabu likaja: mauaji yote mawili ni ya mtu mmoja, na si huyu kijana. Kakiri kosa ambalo hakulifanya! Wakachukua damu za wanaume kama 5,000 eneo lile, hakupatikana, mpaka mtu mmoja akasikika baa akisema yeye alitoa damu kwa niaba ya mwenzake wa kazini. Mwenzake huyo, Colin Pitchfork, akakamatwa 1987 na 1988 akafungwa maisha. Tafakarini, bila ya ile maabara yule kijana angefungwa na muuaji angebaki mtaani na mabinti wengine.

Marekani kuna shirika la Innocence Project lilianza 1992, katika watu walotolewa jela kwa DNA, wengi khasa walifungwa kwa shahidi wa macho alomtambua mtu asie mkosaji, na zaidi ya robo walikuwa na maungamo ya uongo. Kwa nini mtu akiri asilolifanya? Kwa sababu kachoka, mdogo, anaogopa, kaambiwa ukisema utarudi kwenu. Uingereza baada ya kuumbuka na kesi kadhaa, Birmingham Six wakiwemo, watu sita walofungwa kwa mabomu wasiyoyatega, ambao waliachiwa 1991 baada ya miaka 16, walibadilisha namna ya kuhoji, sheria ya 1984 ilikuwa imeshataka mahojiano yarekodiwe na baadae polisi wakafundishwa kuuliza ili wapate khabari, si kuuliza ili wapate "ndio". Sie turekodi mahojiano, simu kila mtu anayo.

Msaidizi_Pemba

Bi Mkunazini na Ng'ambo nawashukuru, na hili linashikana na hoja yangu. Uhakika ninaoutaka ni wa kumpata aliefanya, sio wa kumpata yeyote. Ukimfunga asie na kosa, mkosaji wa kweli anapata yakini kwamba hatoshikwa tena. Kwa hiyo wakili wa mshtakiwa sie tunaotetea watoto tunamuhitaji, kesi isiyo na wakili hukumu yake inaweza kuvunjika kwenye rufaa na yule mtoto akaanza upya. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 ipo, asie na uwezo anaweza kuomba msaada, wengi hawajui.

Haraka nayo maana yake ni kupunguza siku ambazo hakifanyiki chochote, kesi inalala tu kwenye kabati baina ya tarehe na tarehe. Siku za utetezi zisiguswe.

Mama_Konde

Assalamu alaykum. Nimewasoma wote toka juu. Mambo ya Marekani sawa lakini mie nataka kujua jambo moja, likimtokea mtoto leo hii, huku shamba, mama afanye nini ili kesi isife? Maana wengi wetu kitu cha kwanza ni kumkosha mtoto na kumuuliza mara kumi kumi.

Msaidizi_Pemba

Waalaykum salaam mama. Swali lako ndo linalohitajika kuliko yote.

Asikoshwe, najua mkono wa mama unataka kumsafisha lakini asikoshwe mpaka daktari amuone. Nguo alokuwa nazo zisifuliwe, zikunjwe zitiwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe gazeti, si mfuko wa nailoni, kwenye nailoni unyevu unabaki na ushahidi unaoza. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono kama kipo karibu, Chake Chake kipo, pale daktari, polisi na mtu wa ustawi mnawapata pamoja na hamzungushwi. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na zikianza mapema zaidi ndo bora, kwa hiyo kikao cha wazee kisubiri, daktari hasubiri.

Maswali mama, muulize mara moja tu, kwa upole, "nini kimetokea?", na asemalo liandike kwa maneno yake yeye. Usimtajie jina la mtu, usimwambie "ni fulani ee?". Elizabeth Loftus, mwanasaikolojia wa Marekani, alionesha 1974, watu waliotazama filamu ile ile ya ajali ya gari, walioulizwa kwa neno la "kubamizana" wakakisia maili 41 kwa saa, walioulizwa kwa "kugongana" wakakisia 34. Hao ni watu wazima. Mtoto akiulizwa na bibi, na shangazi, na mwalimu, na sheha, kila mmoja na maneno yake, akifika mahkamani wakili atamshika kwa yale maneno yaliyobadilika, na atakuwa na haki ya kumshika.

Chukua namba ya jalada, jina na simu ya mpelelezi, uandike pahala. Ukipewa tarehe na huna nauli mwambie mwendesha mashtaka kabla ya siku, usinyamaze ukabaki nyumbani. Na kama jamaa wanakujia na pesa, mwambie mwendesha mashtaka hilo nalo. Kama uko karibu na Konde niandikie faragha ntakuunganisha na msaidizi wa sheria wa huko akufate hapo hapo nyumbani, hatulipishi.